Esigani Katika Nyumba ya Magitaa

Nimejaribu kunyamaza tangu Jumapili na leo ni Jumanne, na nikiendelea kukaa na hii habari ndani yangu nitapasuka kama ganda la njegere kwenye jua. Kwa hivyo kaa. Weka simu kando. Nataka nikuambie yote, na nikuambie vizuri, tangu mwanzo.

Jina lake ni Ochanda, na ana magitaa nane ya stima.

Najua nilipaswa kuanza na macho yake. Macho yake ni mazuri, tutafika huko. Lakini ukimjua Ochanda unajua huwezi kuanza popote isipokuwa kwenye ule ukuta. Yeye ni fundi wa mashine za hospitali, na mimi ninafanya kazi kwa kliniki ya lishe, na siku moja mizani ya kupimia watoto ilianza kusema kila mtoto ana kilo kumi na moja. Alikuja kuirekebisha. Alipomaliza alipima mfuko wake wa vifaa, akapima begi yangu, akapima mkate wangu wa saa nne, halafu akaniangalia kama mtu anayetaka kuuliza swali na hana karatasi ya kuliandika. Nikacheka. Hivyo ndivyo tulianza.

Mara ya kwanza kuingia nyumbani kwake Nyanchwa, nilisimama mlangoni nikasahau kuvua viatu. Nyumba ilikuwa na kiti kimoja, meza moja, na ukuta mzima wa magitaa. Yalining'inia kwa kulabu za chuma alizokunja mwenyewe, na kila kulabu ilikuwa imevishwa kipande cha mpira wa maji ili isikwaruze shingo ya gitaa. Nyeusi, nyingine rangi ya soda ya machungwa, buluu ya asubuhi, mbili za rangi ya sukari iliyoungua zinazofanana kama mapacha. Amekusanya tangu akiwa na miaka kumi na sita. Sasa ana thelathini na tatu. Hajawahi kuuza hata moja.

Hayapi majina. Anayaita kwa mahali yalikotoka. Ile nyeusi ni ya Homa Bay, aliipata kwa bendi ya hoteli iliyovunjika. Mapacha ni wa Kericho na wa Migori. Ya buluu ni ya Oyugis, ilikuwa imelala stoo na kuku wanalalia juu yake, na alikaa miezi minne akiirudisha hai, akiunganisha waya moja moja.

Na kila Jumapili mchana, tukishamaliza kula, ilikuwa inakuja ile saa yangu. Ochanda alikuwa anachomeka waya mmoja kwa amplifaya moja ndogo, na haguzi vile vifundo vya sauti hata kidogo, kwa sababu alinieleza kwamba huwezi kulinganisha magitaa mawili ukibadilisha kitu kingine chochote. Nyuzi za aina moja. Waya uleule. Hata wimbo haupigi, maana wimbo unadanganya sikio. Anapiga vinoti sita tu, vilevile, polepole, kama mtu anapanda ngazi na kushuka.

"Funga macho, Lorna," ananiambia. "Hii ni gani?"

Mwanzoni sikujua lolote. Zote zilikuwa gitaa. Halafu Jumapili moja nikasikia. Ya Oyugis ilikuwa na kitu baridi mbele ya sauti, kama maji ukiyagusa kwa kidole kabla hujaosha uso. Ya Homa Bay ilikuwa nzito na yenye usingizi. Nikawa nazitaja moja baada ya nyingine macho yakiwa yamefungwa, na kati ya gitaa moja na nyingine kulikuwa na kimya, na kwenye hicho kimya nilijua ananiangalia. Huwezi kunidanganya. Mtu akikuangalia hivyo, ngozi inajua. Nilikuwa nachelewa kufungua macho makusudi.

Sasa, mwezi uliopita alisema anataka kuja kwetu Itumbe kujulikana. Nilimwambia Tata, ndivyo tunavyomwita baba.

Baba yangu, mzee Angwenyi, ni mkulima wa chai na mzee wa kanisa, na kanisa letu la kijijini ni lile ambalo kinanda kilipigiwa kura mara tatu na mara zote tatu kikarudi stoo. Kwaya inaimba kwa mdomo, basi. Tata aliniuliza kijana ni wa wapi. Nikasema kwao ni upande wa ziwa. Akasema huko ni mbali. Akauliza kazi, nikasema hospitali. Akauliza anasali wapi, nikasema Msabato kama sisi. Akauliza kama kuna kitu kingine anapaswa kujua, na mimi, mtoto wake wa mwisho, mwenye diploma, nikasema hakuna.

Akasema hawezi kupokea watu wasiojulikana, kwa hivyo atatuma esigani.

Kama wewe si wa huku, esigani ni yule mtu anayetumwa kuangalia nyumba ambako msichana anataka kuolewa, kabla ya jambo lingine lolote. Anaangalia tabia ya mtu, kwao kukoje, kama kuna siri. Akirudi akasema hapana, hakuna harusi. Watu wengi siku hizi wameacha, wanaangaliana kwa simu. Lakini Tata hajaacha, na mtu aliyemchagua alikuwa dada yake mkubwa, shangazi Gesare wa Nyamira.

Hapo ndipo niliacha kulala vizuri. Shangazi Gesare amekagua majani chai kwa kituo cha kununulia miaka ishirini na miwili. Wakulima wanaweka majani mawili na chipukizi pale juu ya kikapu, laini, yanang'aa, halafu chini wanaficha yale magumu. Shangazi haangalii juu. Anatia mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa jani gumu moja kutoka chini kabisa, anakuangalia usoni. Wanaume wazima wamebeba vikapu vyao kurudi nyumbani bila kusema kitu.

Nikaamua magitaa yaondoke.

Nilimwambia Ochanda siku ya Alhamisi, akiwa anapangusa ya Kericho. Nilipanga maneno vizuri. Nilisema shangazi anakuja Jumapili, ni siku moja tu, nilisema yeye hajui watu wetu, nilisema shangazi akiona magitaa nane ataona baa, pombe na wasichana, na safari itakuwa imeishia hapo. Pam, dada yake Ochanda, anaishi mlango unaofuata, kwa ploti ileile. Yangelala huko siku tatu, yarudi Jumapili jioni, na hakuna mtu angeumia.

Hakuacha kupangusa.

"Unataka nimwambie mimi ni nani?" akauliza.

"Fundi wa mashine za hospitali. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli. Na hizi?"

"Hizi utamwambia baadaye. Baada ya harusi. Baada ya watoto wawili hivi."

Nilidhani atacheka. Ochanda anacheka kwa urahisi, ni kitu kimoja ninachokipenda kwake. Lakini aliweka kitambaa chini, akakikunja mara nne, akaanza kutoa magitaa ukutani. Alibeba moja kwa wakati mmoja, mkono mmoja shingoni na mwingine chini. Mara nane alitoka, mara nane akarudi mikono mitupu, na hakuniangalia hata mara moja. Ya mwisho ilikuwa ya Migori, na hiyo ndiyo mimi naipenda kuliko zote. Akasimama nayo mlangoni.

"Nikikipenda kitu kwa siri, Lorna, nitakuwa naiba kwa nani?" akasema. Akaenda.

Hatukuongea Ijumaa. Sabato tulikaa kanisani viti tofauti. Jumapili asubuhi nilikuja na matoke na kuku, nikaazima viti vinne kwa Pam, na Pam akaniambia kwamba kaka yake amekuja kuyaangalia magitaa mara tano na kwamba mimi nina moyo wa chuma. Nilikuwa nasugua sakafu.

Shangazi aligonga mlango saa nane kamili. Ni mwanamke mdogo, utashangaa, anafika hapa kwangu begani. Alikuwa na suti yake ya kijivu na kitambaa cheupe kichwani. Aliketi kwenye kiti ambacho sikumwonyesha. Ochanda alimsalimia kwa heshima zote, akamuita mama, akajibu maswali ya kwao, ya marehemu baba yake, ya mama yake anayelima mtama, ya shule, ya kazi. Alijibu bila kujipamba. Shangazi alikula vizuri. Alionja chai akasema hii ilikaa kwa gunia muda mrefu kabla ya kufika kiwandani, na Ochanda akauliza anajuaje, na wakaongea hayo kidogo. Mimi nikaanza kupumua. Nje wingu lilikuwa limekalia mlima, na mwanga ndani ya nyumba ulikuwa wa rangi ya asali, na nikajiambia, Lorna, umeweza.

Halafu shangazi akageuza kichwa akaangalia ukuta.

Mimi nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa ukuta. Kulabu nane zilikuwa bado hapo. Na chini ya kila kulabu, rangi ilikuwa safi kuliko mahali pengine, kwa sababu jua na moshi wa jiko havikuwahi kufika. Maumbo nane meupe, yamejipanga kwa laini, yana mabega, yana nyonga.

"Hapa palikuwa na nini?" shangazi akauliza.

"Picha, shangazi," nikasema. Sikufikiria hata kidogo. Ilitoka yenyewe.

"Picha ziko na kiuno?"

"Ni mapambo. Mapambo ya ukuta. Ameyatoa kuyaosha."

Ochanda akageuka akaniangalia, na nilikuwa nimeahidi tutafika kwa macho yake, basi tumefika. Hayakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali. Yalikuwa yananiangalia kama mtu anayejaribu kunikumbuka. Mvua ikaanza juu ya mabati, matone mawili, kumi, kisha yote. Aliweka kikombe chini.

"Mama, ni magitaa," akasema. "Ya stima. Yako nane. Nimeyaweka kwa dada yangu hapa jirani."

Nilitamani sakafu niliyoisugua inimeze.

"Kwa nini yako huko?"

Nilingoja aseme jina langu. Ilikuwa haki yake.

"Niliogopa," akasema Ochanda.

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utayaona, urudi nyumbani kabla hujaniona mimi."

Shangazi alipangusa vidole kimoja kimoja. Akasema, "Yalete."

Akayaleta. Kibaraza cha ploti kina paa, kwa hivyo hayakunyeshewa. Safari nane tena, na safari hii Pam alikuwa amesimama mlangoni kwake akishika mdomo ili asicheke kwa nguvu. Kila gitaa lilirudi kwenye umbo lake ukutani, na nakuambia nyumba ilibadilika. Ilikuwa kama mtu amerudisha pumzi. Shangazi alisimama, mikono nyuma, akayapitia polepole kutoka mwanzo hadi mwisho vile anapitia laini ya wakulima.

"Mtu mmoja anahitaji gitaa ngapi?"

"Moja, mama."

"Na hizi saba?"

"Kila moja inajua kitu nyingine haijui."

"Obokano ya baba yangu ilikuwa na nyuzi nane," shangazi akasema, "na haikuwahi kuomba stima." Lakini alikuwa amesimama mbele ya mapacha. Akayaelekezea kidevu. Akataka aambiwe tofauti, maana yeye anaona ni kitu kimoja kimenunuliwa mara mbili.

Ochanda akamweleza kwamba yalitoka kiwanda kimoja, pengine hata mwaka mmoja. Mti wa moja ni mzito zaidi. Zile sumaku ndogo chini ya nyuzi, zinazoshika sauti, kwa ile nyingine zimezeeka, zimepoteza nguvu kidogo. Hiyo ni ya Migori. Akasema afadhali asikie kuliko kuambiwa, na akamuomba, kwa adabu sana, afunge macho.

Shangazi akasema hajawahi kufunga macho mbele ya mwanaume mchana na hataanza leo. Badala yake aligeuka akatupa mgongo, akaangalia dirishani, mvua na migomba.

Na Ochanda akapiga vile vinoti sita. Kupanda, kushuka. Ya Kericho. Akahamisha waya, vifundo vikabaki vilevile, akapiga ya Migori. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, inasikika mbali, na zile sauti zilikuja kama zinapita katikati yake bila kulowa. Mimi nilifunga macho bila kuambiwa. Nilisahau niko na kesi.

"Rudia," shangazi akasema.

Akarudia. Mara tatu alimrudisha.

"Ya kwanza ina haraka," shangazi akasema akiwa bado ametupa mgongo. "Ya pili imelala vizuri ikaamka yenyewe."

Ochanda akabadilisha mpangilio bila kumwambia. Shangazi akatambua. Akabadilisha tena, akatambua tena. Na hapo, jamani, wale watu wawili wakanisahau kabisa. Shangazi akageuka uso wote umefunguka, akamwambia kwamba kituoni watu wanadhani majani ni majani, na yeye akiyashika gizani anaweza kusema shamba liko juu ya mlima au karibu na mto. Lazima mkono uwe mkavu, lazima ushike kwa nguvu ileile kila wakati. Ochanda akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo sababu haguzi vifundo. Waliongea labda nusu saa. Mimi nilikuwa naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Halafu shangazi akakaa chini, na sauti yake ikarudi ile ya kazi.

"Ya tisa unaitafuta?"

"Naitafuta," akasema Ochanda.

"Ukiipata utatafuta ya kumi."

"Pengine, mama."

"Basi niambie. Mtu wa kulinganisha vitu hivi, huyu mtoto wetu utamlinganisha na nani?"

Kijiko kilisimama mkononi mwangu. Kwa sababu hilo swali lilikuwa langu. Nililibeba Jumapili nyingi, macho yamefungwa, na sikuwahi kuthubutu kuliuliza.

"Gitaa nalinganisha na gitaa," akasema. "Mtu nilijaribu mara moja, nikiwa Kisumu. Nilikaa nikimpima na wengine mpaka akachoka akaenda. Alikuwa mtu mzuri. Sijarudia."

Sikuwa najua hiyo habari. Ilipita ndani yangu kama upepo wa asubuhi chini ya mlango. Lakini nilimwangalia, amekaa na mikono magotini, anajibu tu, na nikajua huyu mtu akiulizwa atasema. Kila mara. Hata ikimgharimu. Na mimi niliyesomea, niliulizwa swali dogo nikasema ni picha.

Shangazi akaniita nikae. Nikakaa.

Akasema alikuwa hapa Nyanchwa siku ya Jumatano. Alinunua sukuma kwa yule mama wa langoni, akakaa naye kwa kibao chake saa mbili, halafu akaongea na mke wa landilodi. Alijua Ochanda analipa maji bila kukumbushwa. Alijua hanywi. Alijua magitaa ni nane na ya buluu ndiyo inapigwa kwanza, na kwamba kuna msichana anakuja Jumapili kukaa amefumba macho kama mtu anaombewa. Alijua hata viti hivi ni vya Pam.

"Esigani haanzi mlangoni," akasema. "Anaanza kwa majirani. Wewe ni Mgusii, Lorna. Hukujua?"

Nilijua. Kila mtu anajua. Dada yangu Bonareri alipoolewa, shangazi huyuhuyu alikaa siku mbili Nyamarambe akijifanya anatafuta mbegu ya viazi. Nilijua na nikasahau, kwa sababu nilikuwa nafikiria ukuta, sakafu na viti.

"Huyu kijana nilitia mkono mpaka chini," shangazi akasema. "Chini na juu ni yaleyale. Wewe ndiye nimekuta umeficha."

Akamgeukia Ochanda. Sijawahi kumsikia akiongea na mtu kwa upole hivyo.

"Esigani anabeba maneno ya pande mbili. Nilitumwa kuangalia kwako, lakini ni haki na wewe uambiwe unaoa nini. Umemsikia akinidanganya mara mbili, mimi, damu yake. Na usiniambie ulitoa magitaa kwa kuogopa mimi, hukuwa unanijua. Ni yeye alitoa hofu mfukoni mwake akakuvalisha. Bado unamtaka?" Akainua kidole. "Usijibu haraka."

Mvua ilikuwa imeisha. Unajua vile mabati yanatoa tone moja moja baada ya mvua. Nilihesabu. Nilitaka kulia na nikajiambia machozi pia ni njia ya kudanganya, kaa bila.

"Ochanda," nikasema, na sauti ikatoka ndogo. "Nilifikiria Tata atasema nini. Sikufikiria wewe utasikia nini. Sina kitu kingine cha kusema."

Aliangalia ukuta muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. Na ule uso wa kujaribu kunikumbuka ulikuwa unaondoka, polepole, kama ukungu unavyotoka kwenye mashamba ya chai, huoni unapoondoka, unaona tu kwamba sasa unaona.

"Nilikasirika Alhamisi, mama," akamwambia shangazi, lakini hakutoa macho kwangu. "Hata leo asubuhi nilikuwa nimekasirika. Nimekaa siku tatu kwa hii nyumba na ukuta mtupu, na nimeona nikilazimika naweza kuishi hivyo. Nikajaribu kufikiria nyumba ina zote nane, na Lorna haji Jumapili." Akatikisa kichwa. "Hiyo ilinishinda."

"Ulisema hulinganishi," shangazi akasema.

"Hiyo ndiyo ya mwisho."

Basi hapo ndipo nililia. Yeye akasimama, akakumbuka kuna shangazi, akakaa. Shangazi akajifanya anatafuta kitu kwa mkoba. Alichotoa ni simu.

Akampigia Tata, aliongea Ekegusii, na aliongea kama mtu anasoma ripoti. Kijana anafanya kazi. Kijana anaheshimu mama yake. Kijana aliulizwa swali gumu akasema ukweli. Kwao ni mbali, lakini njia ya kwenda ni njia pia ya kurudi. Yeye Gesare ameona, na neno lake ni kwamba watu wa kijana wanaweza kuja. Nilisikia sauti ya Tata ikiguna, ile ya kukubali. Nikashika mkono wa Ochanda chini ya meza. Ulikuwa na ncha ngumu kwenye vidole, mahali nyuzi zinakaa.

Nikangoja shangazi afike kwa magitaa. Hakufika. Akaninyooshea simu.

"Bado yuko kwa laini," akasema. "Kuna kitu kimoja sijamwambia. Hicho ni chako."

Nikachukua simu. Ilikuwa na joto la sikio lake.

"Tata," nikasema, "kuna jambo uliniuliza nikakuambia hakuna."

Nikamwambia. Sikupunguza hata moja. Nilisema ni nane, nilisema ni ya stima, nilisema anatafuta ya tisa, nilisema mimi ndiye nilisema yafichwe, na nikasema nayapenda, yote, na hiyo ya mwisho nilikuwa najisikia nikiisema kwa mara ya kwanza. Nilisikia kuku wa kwetu. Nilisikia mama akiuliza ni nani, na Tata hamjibu.

"Gesare ameyaona?" akauliza mwishowe.

"Ameyaona."

"Ameyasikia?"

"Mawili, Tata. Mara nyingi."

Ochanda alikuwa ameacha kupumua, nilijua kwa mkono wake. Halafu nikasikia kiti cha Tata kikilia, ile sauti kinatoa akiwa anasimama kwenda shambani na mambo yamekwisha.

"Waambie waje Jumapili ya pili," akasema. "Na waje mapema. Huku mvua inaanza saa nane."